Lahani ya Kihindi, Mizani ya Kiswahili: Taarabu ya Juma Bhalo

Taarabu ya Mombasa inayotumia lahani za filamu za Kihindi imewahi kubezwa kuwa ni uigaji mtupu. Hoja hiyo haitoshi. Juma Bhalo (aliyefariki 2014) aliziimbia lahani hizo mashairi ya Kiswahili, yakiwemo ya Ahmad Nassir, mwenye diwani ya *Malenga wa Mvita* (1971). Mshororo wa mizani kumi na sita, wenye vina vya kati na vya mwisho, haukubali kila lahani: ama irabu ivutwe, ama kituo kihamishwe. Hapo ndipo ubunifu wa mwimbaji unapoanza. Hata msikilizaji wa bara, tuseme wa Kiamaiko, Nairobi, aweza kuitambua lahani kutokana na filamu. Maana huipata katika shairi. Mhakiki basi hana budi kupima jinsi lahani inavyolitumikia neno, si asili yake tu.