Utando wa Grafini katika Vigunduzi vya Gesi: Tathmini ya Hoja ya Chujio la Ayoni

Pendekezo la kutumia utando wa grafini katika vigunduzi vya chembe vinavyotumia gesi linalenga tatizo la siku nyingi. Chembe yenye chaji inapopita katika gesi hung'oa elektroni chache, nazo huzidishwa idadi ili zipimike. Uzidishaji huo huzalisha pia ayoni chanya, ambazo hurudi polepole kule zilikotoka elektroni na kupotosha uga wa umeme. Katika chemba kuu ya jaribio la ALICE huko CERN, yenye takriban mita za ujazo 90 za gesi, lango la waya lililokuwa likizizuia lilikosa nafasi ya kufungwa pale ilipokusudiwa kupima migongano 50,000 kwa sekunde, kwa kuwa elektroni za mgongano mmoja huwasili kabla za mwingine hazijakwisha.

Franchino na wenzake (2016) wanaitazama grafini, tabaka moja la atomi za kaboni, kama wavu mwembamba kuliko wote: katika ombwe, mwenendo wake kwa elektroni hutofautiana sana na mwenendo wake kwa ayoni. Wanaongeza sharti kwamba tofauti hiyo ikithibitika ndani ya gesi, huenda suluhisho la kudumu limepatikana. Ubora wa kazi yao umo katika kulitamka sharti hilo waziwazi. Hata hivyo, hoja nzima imesimama juu yake.

Kwanza, elektroni ndani ya gesi hugongana na molekuli mfululizo, na kwa kawaida hubaki na nishati ya elektronivolti chache tu. Matokeo ya ombwe yaliyopatikana kwa nishati kubwa zaidi hayawezi kuhamishiwa humo bila kipimo kipya. Pili, utando uliochanika hupitisha elektroni, lakini hupitisha ayoni pia. Kwa hiyo kuonyesha kwamba elektroni zimepita si ushahidi wa uchujaji. Ni lazima elektroni na ayoni zipimwe katika sampuli ileile.

Tatu, mahali pa utando pana uzito kuliko inavyodhaniwa. Ukiwekwa kabla ya uzidishaji, kila elektroni inayopotea ni habari iliyopotea. Kuongeza volteji baadaye hakuirejeshi. Ukiwekwa baada ya hatua ya kwanza ya uzidishaji, hasara hupungua na ayoni nyingi za hatua za chini bado huzuiwa, ingawa zile za hatua ya kwanza hubaki huru.

Mwisho ni suala la ukubwa. Sampuli zilikuwa za takriban sentimita 2 kwa 2, ilhali vigunduzi vikubwa huhitaji mita nyingi za mraba. Wakati huohuo ALICE imekwisha kufunga tabaka nne za karatasi zenye vitundu, teknolojia iliyobuniwa na Fabio Sauli mwaka 1997, na kupunguza ayoni zinazorudi hadi chini ya asilimia 1.

Hicho ndicho kipimo ambacho grafini inapaswa kukishinda. Anayeshauri kuhusu ufadhili wa utafiti wa aina hii hana sababu ya kulikataa wazo. Ana sababu ya kudai kiwango cha elektroni zinazopita, kiwango cha ayoni zinazopita, na eneo la utando usio na mpasuko, vyote kutoka jaribio moja ndani ya gesi.