Taimingi ya Vespa: Namna ya Kuitambua Kazi ya Fundi Bora

Vespa iliyofunguliwa injini yote na kuunganishwa upya inaweza kuwaka kwa teke la kwanza, ikanguruma vizuri, na bado ikawa imesetiwa vibaya. Mwenye chombo huisikia, huridhika, hulipa. Siku nyingine, kwenye mlima mrefu, pistoni inatoboka. Taimingi haihukumiwi kwa sikio. Huhukumiwa kwa kipimo, na fundi bora ni yule anayeweza kukuonyesha kipimo chake.

Tuchukue PX200E ya Piaggio, jamaa ya vespa zinazoonekana hadi leo katika barabara za Unguja. Kiwanda kinaagiza plagi ipige cheche digrii 23 kabla pistoni haijafika kileleni. Kwa PX125 na PX150 za moto wa elektroniki, ni digrii 18. Sababu ni kwamba petroli na hewa haviungui papo hapo. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, digrii 23 hupita kwa muda usiofika sekunde 0.0008. Katika muda huo moto unatakiwa uwe umeshika, ili msukumo mkubwa uikute pistoni imeanza kushuka. Cheche ikiwahi mno, msukumo unaikuta pistoni bado inapanda: injini inagonga, na joto linaingia kwenye uso wa pistoni. Ikichelewa, nguvu inapungua na moto unaishia kwenye ekzosi.

Kilele cha kweli

Anza kwa swali hili: fundi amekipataje kilele? Akisema ametumbukiza bisibisi kwenye tundu la plagi na kusubiri isimame, kazi hiyo ina walakini. Tundu la plagi la PX limelala kwa pembe. Zaidi ya hapo, pistoni ya 200 inayosafiri milimita 57 hupanda chini ya milimita 0.14 katika digrii 5 za mwisho. Hakuna mkono unaoweza kuhisi tofauti hiyo.

Fundi makini hufunga kizuizi kwenye tundu la plagi, akazungusha gurudumu la sumaku taratibu mpaka pistoni iguse, akaweka alama. Kisha huzungusha upande wa pili mpaka iguse tena, akaweka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kilele kilipo. Njia hii haitegemei macho wala bahati, na pembe ya tundu haiiharibu.

Alama ya kiwandani

Sahani ya koili ina alama ya kiwandani, na wengi huilinganisha na ile ya kwenye injini, wakakaza skrubu tatu, wakamaliza. Kwa injini ambayo haijawahi kuguswa, alama hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini krenki ikishabadilishwa, au sumaku ikiwa imetoka kwenye injini nyingine, ile alama haina tena dhamana. Fundi bora huipima upya kwa duara la digrii na kuweka alama yake mwenyewe, nyembamba. Wembamba huo una maana: kwenye gurudumu la kipenyo cha milimita 160, digrii moja ni milimita 1.4 tu. Mstari mnene wa kalamu humeza digrii nzima.

Sumaku inavyokaa

Omba uone ncha ya krenki kabla sumaku haijafungwa. Iwe safi, kavu, bila tone la oili wala mikwaruzo. Kile kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kazi yake ni kuonyesha sumaku ikae wapi. Kinachoishika ni mbano wa ncha hiyo na nati iliyokazwa kwa spana ya kipimo. Mbano ukilegea, kipande hukatika, sumaku husogea, na vipimo vyote vya awali vinakuwa bure.

Taa ndiyo shahidi

Kazi yote hiyo imefanywa injini ikiwa imezimwa. Ithibati hupatikana inapozunguka, kwa taa ya taimingi inayomulika kila cheche inaporuka. Alama ikae mahali pake na itulie. Ikicheza huku na huku, usikubali maneno ya kutuliza: huenda sahani imelegea, beringi ya krenki imekwisha, au koili inayoamsha cheche inakufa. Ikitulia lakini nje ya mahali pake, kurekebisha taimingi ni rahisi. Ukiitazama injini kutoka upande wa sumaku, kuizungusha sahani kinyume cha mshale wa saa huwahisha cheche. Kuifuata saa huichelewesha.

Plagi inasema nini

Baada ya safari ya kutosha, plagi itolewe. Rangi ya kahawia hueleza zaidi habari za kabureta kuliko za taimingi. Unachotafuta ni chembe ndogo zinazometa juu ya kaure nyeupe: hiyo ni alumini ya pistoni, dalili ya kugonga. Hapo fundi mwenye busara hakimbilii sahani tu. Hukagua pia sili za krenki, kwa sababu hewa inayovuja hupunguza petroli kwenye mchanganyiko na kuleta madhara yanayofanana na ya cheche iliyowahi. Ndiyo maana sili na gasketi huhakikishwa kwanza, taimingi ikaja mwisho. Na silinda ikibadilishwa kwa yenye mgandamizo mkubwa, digrii 23 hazifai kubebwa hivi hivi. Moto huko huenda kasi zaidi, na cheche hutakiwa kuchelewa kwa kadiri ya maelekezo ya aliyeitengeneza.

Unapoichukua vespa yako, dai vitu vitatu: digrii zilizopimwa ziandikwe kwenye risiti, alama uoneshwe chini ya taa, na plagi ya kwanza urudishiwe uitazame. Fundi anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa, na mteja anayeuliza namba huwapa mafundi wa aina hiyo sababu ya kuendelea kupima.