Wimbo Ulioachiwa kwa Kupendwa

Ziko nyimbo tunazozikumbuka kwa utamu wa sauti, na ziko chache tunazozikumbuka kwa sababu ya amri na pingu zilizozifuata. "Wapo", wimbo wa mwaka 2017 wa Emmanuel Elibariki, ambaye vijana wanamjua kwa jina la Nay wa Mitego, umo katika kundi hili la pili. Nathubutu kuujadili ingawa mimi ni mzee wa miaka zaidi ya sabini, ninayependa enanga kuliko muziki wa kufokafoka. Mwalimu wa Kiswahili hachagui lugha ya kuisikiliza. Akipanda gari kutoka Muleba kwenda Bukoba mjini, atasikiliza alichokiweka dereva, apende asipende, tangu stendi hadi Kemondo na kuendelea.

Mambo yenyewe yalikwenda hivi. Mwezi Machi mwaka 2017 wimbo ulitoka na kuenea katika simu kabla ya kufika redioni. Tarehe 26 Machi mwimbaji alikamatwa na polisi mkoani Morogoro, akapelekwa Dar es Salaam, akidaiwa kutoa maneno ya kuikashifu serikali. Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, likaupiga wimbo marufuku. Kesho yake, tarehe 27, Waziri wa Habari, Dokta Harrison Mwakyembe, ambaye alikuwa na siku chache tu katika wizara hiyo baada ya Nape Nnauye kuondolewa, alitangaza kwamba Rais John Magufuli ameusikia wimbo na ameupenda. Aachiwe, upigwe. Tena Rais alishauri uboreshwe kidogo, wakwepa kodi na wauza dawa za kulevya nao watajwe. Kijana akatoka. Hakufikishwa mahakamani wala hakusomewa shitaka.

Watu wengi walishangilia, na hata hapa kwetu Kagera nilisikia wakisema, "Mnaona? Mzee anasikia." Nami nilifurahi kijana kwenda nyumbani. Lakini furaha ya mtu kutoka rumande ni jambo moja, na namna alivyotoka ni jambo jingine, na hili la pili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kwanza tuutazame wimbo kama kazi ya lugha, maana wengi waliougombania hawakufika huko. Nguvu yake yote imo katika jina lake. Wanafunzi wangu wa ualimu watakumbuka jinsi nilivyowasumbua kwa viambishi vitatu vya mahali: -po, -ko na -mo. Ukisema "wako", umesema watu hao wanapatikana mahali fulani, pengine mbali, hujui hasa ni wapi. Ukisema "wamo", umewatia ndani ya kitu. Ukisema "wapo", umewaleta hapa hapa, mahali panapojulikana, karibu uweze kuwagusa. Mwimbaji angeliweza kuuita wimbo "Wako" na watu wasione tofauti, lakini uchungu ungepungua nusu. Neno "wapo" linamnyooshea mtu kidole bila kidole.

Tena ni neno lisilotaja mtu. Kina nani wapo? Msikilizaji hujaza mwenyewe. Huu ni ufundi wa zamani wa fumbo, tunaoujua katika taarabu, katika methali, na katika nyimbo za akina mama wakipalilia migomba huku jirani mwenye tabia mbaya anapita. Fumbo lina kinga yake: anayetaka kulalamika sharti kwanza akiri kwamba ndiye anayesemwa. Nadhani polisi walikuwa na kazi ngumu hapo. Hati ya mashitaka huhitaji kumtaja aliyekashifiwa, na wimbo ulikuwa umewaachia wao wenyewe kulitaja jina.

Sisemi kwamba ni wimbo usio na kasoro. Una shabaha nyingi mno. Swali zito, kama uhuru wa kusema bado umesalia nchini, limewekwa jirani na vijembe kwa wasanii wenzake na watu wa kujionyesha mjini. Vijembe hivyo vinachekesha, na kicheko kinalipunguzia swali uzito. Ningekuwa nasahihisha insha, ningepiga mstari mwekundu nusu nzima ya orodha ile na kuandika pembeni: chagua adui wako. Yamkini mwimbaji angenijibu kwamba bila vichekesho hakuna dereva ambaye angeupiga garini, nami nisingekuwa na la kusema.

Sasa nije kwenye ule ushauri wa kuuboresha. Nimeutafakari sana kama mhakiki. Wakwepa kodi na wauza dawa za kulevya ni watu wabaya, sina ubishi. Lakini ukiwaingiza katika wimbo, kidole kinageuka. Wimbo ulioanza kwa kuwauliza wenye mamlaka unakuwa wimbo wa kuwasaidia wenye mamlaka kuwasema wengine. Na fumbo likishapewa majina ya makundi linakuwa tangazo, mfano wa yale tuliyobandika ukutani shuleni. Kila mtawala hupenda sanaa inayokemea maovu. Tofauti huanza pale tunapouliza ni maovu ya nani. Huo haukuwa uhakiki mbaya kwa nia, labda, ila ulikuwa uhakiki wa mtu mwenye ufunguo wa mahabusu, na ushauri wa mtu wa namna hiyo haupokelewi kama ushauri wa mwalimu.

Kwa miaka mingi tuliwafundisha vijana wetu Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Karama anashitakiwa kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria, na mshitaki wake ni Majivuno. Mwisho anaachiwa. Wanafunzi hudhani kwamba utamu wa kisa umo katika kuachiwa kwake. Mimi niliwaambia watazame siku sita alizopewa za kujitetea. Mshitaki alisema hadharani, mshitakiwa akajibu hadharani, na baraza zima likasikia hoja hadi mwisho. Ni nchi ya kufikirika, yenye mfalme mkali, hata hivyo mle ndani kuna kesi. Nay wa Mitego aliachiwa upesi kuliko Karama, lakini hakusikilizwa kama Karama. Hakuna aliyeamua kwamba wimbo ule haukuvunja sheria. Ibara ya 18 ya Katiba inatamka uhuru wa kutoa mawazo. Sheria ya BASATA, namba 23 ya mwaka 1984, inalipa Baraza kazi ya kusimamia sanaa. Hizi mbili zinakutana wapi? Mahakama ingelazimika kulijibu swali hilo kwa maandishi na kwa sababu. Lilijibiwa na pendo la mtu mmoja, nalo pendo haliachi nakala.

Sisi Wahaya hatupaswi kulishangaa jambo hili. Mwimbaji wa enanga, na ala yake ile iliyochongwa kama kihori, aliimba katika nyua za Abakama wa Kiziba, Kyamutwara, Ihangiro na kwingineko, na vilevile penye vibuyu vya rubisi. Profesa Mulokozi, mtu wa huku kwetu, alizikusanya na kuzichambua tendi hizo, na ndani yake mna migogoro mikali kati ya mtawala na mtu wa chini. Basi hata mbele ya Omukama yaliweza kuimbwa mambo mazito. Lakini ruhusa ilikuwa ya Omukama mwenyewe. Akiinuka na uso wa furaha, mwimbaji alilala salama. Baada ya Uhuru utawala wa machifu ulifutwa, na tukaambiwa kwamba kuanzia hapo mtu atasimama mbele ya sheria, si mbele ya uso wa mtu.

Mfano wa mbali utatusaidia. Huko Australia, wenyeji wa asili walinyang'anywa ardhi kwa kisingizio kwamba nchi ile haikuwa na mwenyewe. Mwaka 1987 kikundi cha Midnight Oil kilitoa wimbo "Beds Are Burning", kikidai ardhi irudishwe kwa wenyewe. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi ya Eddie Mabo na wenzake, ilikitupa kisingizio kile kwa hukumu ndefu iliyoandikwa. Mwaka 2000, katika kufunga Michezo ya Olimpiki mjini Sydney, kikundi kiliupiga wimbo huo kikiwa kimevaa nguo zenye neno la kuomba radhi, na Waziri Mkuu John Howard, aliyekataa kuomba radhi kwa niaba ya serikali, alikuwapo uwanjani. Bila shaka hakufurahi. Kutofurahi kwake hakukuwa na uzito wowote kisheria, waimbaji walikwenda zao. Radhi yenyewe ilitolewa bungeni mwaka 2008 na Waziri Mkuu mwingine, Kevin Rudd. Sisemi wenyeji wale wamepata haki yote; bado sana. Nasema tu kwamba wimbo ule haukuhitaji kupendwa na mkubwa ili uendelee kuimbwa.

Na pendo lenyewe halikukaa hata wiki mbili. Tarehe 5 Aprili 2017 msanii Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio jijini Dar es Salaam, wakaonekana tena tarehe 8. Rais Magufuli alifariki Machi 2021, na ruhusa yake haikurithiwa na mtu. Nay wa Mitego aliingia tena katika mvutano na Baraza kwa wimbo "Amkeni" mwaka 2023, na tena mwaka 2024 kwa "Nitasema", uliogusa habari za watu kutekwa. Mwimbaji ni yule yule, na swali lililoachwa bila jibu mwaka 2017 lilikuwa linamngoja palepale.

Yuko kijana jirani yangu, dereva wa bodaboda, ambaye hutunga nyimbo kwa simu yake. Alinijia na daftari. Wimbo wake unasema habari za butura, kahawa inayouzwa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto anadaiwa ada au mama yuko hospitali, na unawasema wanunuzi na wale wanaowafumbia macho. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko nilivyotazamia. Nilimsahihishia upatanisho wa sarufi mahali pawili, nikamwambia ubeti wa tatu ni mrefu mno. Akasema, "Ahsante Mwalimu. Sasa niambie, nikiutoa huu, watanikamata?"

Nilimwambia ninachokijua: kwamba Katiba inasema hivi, sheria ya Baraza inasema vile, na kwamba mahali zinapokutana sijasoma hukumu ninayoweza kumwonyesha. Alilikunja daftari, akauliza kama afute jina la kijiji. Nikamwambia jina la kijiji ndilo linaloufanya wimbo uwe wake. Aliwasha pikipiki, bado anafikiri.