Mbu wa kwenye hesabu

Mbu wa George Macdonald, mtaalamu wa malaria, hayupo duniani. Hazeeki: awe na siku mbili au ishirini, uwezekano wake wa kuiona kesho ni uleule. Hachagui nyumba wala mtu. Wote huwang'ata sawasawa. Hata hivyo, ni mbu huyo wa kubuni aliyeonyesha kwa nini dawa ukoko ya ukutani inafaa kuliko mafuta ya kumwaga dimbwini.

Msingi uliwekwa na Ronald Ross, aliyeviona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko Secunderabad, India, mwaka 1897. Kwa wale waliosema mbu hawawezi kumalizwa, Ross alikuwa na jibu la kihisabati: si lazima waishe. Wakipungua chini ya kiwango fulani, malaria itakosa pa kushika na kufifia yenyewe. Katika miaka ya 1950 Macdonald aliichukua hesabu hiyo akaangalia jambo ambalo Ross hakulikazia, yaani umri wa mbu.

Kimelea huhitaji takriban siku 10 kukomaa ndani ya mbu. Chukua mbu 100 walioambukizwa, na tuseme kila siku asilimia 90 ya waliopo huiona kesho. Zidisha 0.9 kwa yenyewe mara kumi: 35 hivi watafikisha siku hizo, na kila mmoja ataishi kwa wastani siku 9 na nusu zaidi. Jumla ni kama siku 330 za kueneza ugonjwa. Sasa, kwa dawa ya ukutani, shusha asilimia 90 iwe 80. Watakaofika ni 11, na kila mmoja amebakiwa na siku 4 na nusu. Siku 330 zimekuwa 50. Lakini ukiua nusu ya viluwiluwi kwa mafuta ya dimbwini, hatari inapungua kwa nusu, basi.

Chandarua nacho kina hesabu yake. Mbu lazima ang'ate mara mbili, kuchukua kimelea na kukipeleka, kwa hiyo ukipunguza ung'ataji kwa nusu, maambukizi yanabaki robo. Yote haya unayapata kwa kikokotoo cha simu, na makosa madogo ya tarakimu hayabadilishi jibu la lipi lifanywe kwanza.

Lakini mbu wa kweli naye ana yake. Kati ya 1955 na 1959 nyumba za Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, zilipuliziwa dawa ukoko ya dieldrin. Malaria ilishuka sana, na mbu aina ya funestus, mpenda kukaa ndani, akatoweka. Mbu wa aina nyingine, gambiae, alipungua tu, na maambukizi hayakukatika. Katika hesabu kila mbu hukabiliwa na kifo kilekile kila siku; kumbe kuna anayeng'ata ng'ombe, akapumzika nje, asiuguse ukuta wenye dawa.