Kamusi, Nyota, na Asili ya Maneno

Katika nchi hii ya Hanang mpenda lugha hana haja ya kusafiri mbali. Hapa Gendabi na vijiji vilivyo jirani atasikia Kiiraqw, kilicho katika ukoo wa lugha za Kikushi. Atasikia Kidatooga cha Wabarabaig, kilicho cha ukoo wa Kiniloti. Na Kinyaturu na Kirangi, ambazo ni lugha za Kibantu. Na Kiswahili chawaunganisha wote. Basi si ajabu kwamba wanafunzi wetu huuliza: Mwalimu, neno hili limetoka wapi? Swali hili ni jema, bali majibu tuwapayo mara nyingi si mema. Kwa sababu hiyo nataka tuzitazame kamusi mbili, tuone mema yake na upungufu wake.

Ya kwanza ni ile ya Kiswahili kwa Kiingereza, kazi ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939 kwa ajili ya Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Msingi wake ni kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903. Ni kazi kubwa, na walioitengeneza wastahili shukrani zetu. Neno lenye asili ya kigeni wamelitia alama ya nyota, wakataja na lugha lilikotoka. Kwa nyota hizo msomaji ajua kwamba meza na bendera ni za Wareno, na gari ni la Wahindi. Kadhalika maneno mengine yana habari za mambo yaliyopita. Hela, kwa mfano, ilikuwa sarafu ya Wadachi, iliyoanza kutumika hapa mwaka 1904. Utawala wao umekwisha, sarafu yao imetoweka, lakini mtu akikosa fedha hata leo husema, Sina hela.

Lakini nyota hizo zina hatari yake. Neno la kigeni limepewa asili. Neno la Kibantu, kama vile mvua, ng'ombe au moto, kwa kawaida halikupewa. Msomaji aonaye nyota ukurasa baada ya ukurasa, na mahali pasipo nyota akaona kimya, hudhani kwamba wageni tu ndio wenye historia, na ya kwetu yameota yenyewe kama majani. Na wako wasemao wazi kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichoharibika. Wakitakiwa kuleta ushahidi, huhesabu: sita, saba, tisa. Kweli hayo ni ya Kiarabu. Lakini moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni ya Kibantu. Wala wasidhani kwamba wazee walikuwa hawawezi kuhesabu baada ya tano mpaka walipofundishwa. Walikuwa na tandatu, na fungate, na kenda. Kenda haijafa kabisa, na fungate twaitaja mpaka sasa kila watu wanapooana, maana ni zile siku saba za arusi. Neno la mgeni liliingia katika nyumba iliyokuwa na wenyewe.

Tena neno lenyewe likiisha kuingia hutii sheria za nyumba. Kitabu ni neno la Kiarabu, na katika Kiarabu ile ki si kiambishi, ni sehemu ya neno. Mswahili alipolisikia aliliweka pamoja na kiti na kisu, akasema vitabu. Nyota yatuambia neno limetoka wapi. Haituambii limefanywa nini lilipofika.

Kosa la pili si la kamusi, ni letu sisi tuzisomao: kudhani kwamba maneno yakifanana ni ndugu. Tulitazame neno maji. Kiarabu husema maa, na Kiiraqw ma'ay. Mtu mwepesi wa kukata maneno atasema mara moja kwamba yote matatu ni moja, nasi tumelipata kwa Waarabu. Lakini maji lina sehemu mbili. Ma ni kiambishi, kama katika mafuta, maziwa, mate na machozi. Shina lake ni ji. Nalo lina ndugu zake mahali ambapo Mwarabu hakupeleka lugha yake: Wakamba husema manzi, Waganda amazzi, Wanyarwanda amazi, na Wazulu, kule Afrika ya Kusini, amanzi. Basi maji ni la Kibantu tangu kale, na kufanana kwake na maa ni kwa bahati tu. Kwa Kiiraqw habari ni nyingine. Wataalamu huweka Kikushi na Kiarabu katika ukoo mmoja mkubwa, uitwao Afro-Asia. Kwa hiyo yawezekana ma'ay na maa ni ndugu wa zamani sana, wala hapakuwa na haja ya mfanyabiashara kulileta.

Kamusi ya pili ni ya Kiiraqw kwa Kiingereza, kazi ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling, iliyotoka Ujerumani mwaka 2002. Sifa yake moja ni kwamba sauti za kooni hazikuachwa. Nne ni tsiyahh, na ile hh ni sauti ile ile ambayo Waarabu huitia katika haki na hesabu. Mwanamke ni /ameeni, na mstari ule wa mwanzo ni sauti ya kooni ambayo Waarabu huanza nayo neno elimu. Kiswahili kimezilainisha sauti hizi; mtoto wa Kiiraqw anazo kinywani tangu kuzaliwa. Nani basi atamwambia kwamba lugha ya mama yake ni ya kuonewa haya? Upungufu wake ni kwamba maana zimeandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa Gendabi ajuaye Kiiraqw na Kiswahili hawezi kuisoma kazi iliyotoka katika vinywa vya watu wake, wala hawezi kuisahihisha.

Enyi walimu wenzangu, mtoto akiuliza asili ya neno tusimjibu kwa haraka. Kwanza, tuligawe neno tulione shina lake. Pili, tutafute kama lugha zilizo ndugu zinalo. Tatu, tuulize ni njia gani ingaliweza kulileta: biashara, utawala, dini au ndoa. Na neno la nyumbani kwa mtoto, liwe la Kidatooga au la Kirangi, tuliandike daftarini pamoja na maana yake kwa Kiswahili, kabla wazee walijualo hawajaondoka. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Na asili haiachwi kwa kusahau tu, huachwa pia kwa kupokea asili ya kubuni.

Mwalimu, Gendabi