Mafundi wa Kilindini

Sisi wa Katanga bahari tunaijua kwa kuhadithiwa. Kutoka Mitwaba hadi pwani yoyote, ya Hindi au ya Atlantiki, ni zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo, nikiulizwa ni mafundi gani ninaowavulia kofia, nitawataja wale wanaotafuta ndege zilizozama.

Usiku wa kuamkia 30 Juni 2009, Airbus A310 ya shirika la Yemenia iliyotoka Sanaa ilianguka karibu na kisiwa cha Ngazidja, Komoro, ikijiandaa kutua Moroni. Watu 152 walikufa. Aliyepona ni binti wa miaka 12, Bahia Bakari. Miili kadhaa na vipande vya ndege vilisukumwa na mkondo hadi Mafia, Tanzania. Kinachoelea huenda utakako mkondo, na asiyejua hesabu za maji atakifuata apotee. Vinasa vya safari, vile visanduku vinavyohifadhi kumbukumbu za ndege, vilikuwa vimekwenda chini.

Kila kinasa hufungwa king'ora kidogo ambacho, kikiguswa na maji, hulia mara moja kwa sekunde, kwa mlio wa kilohezi 37.5 usiosikika kwa sikio la mtu. Wakati ule betri yake ilikuwa ya siku 30. Mlio hufika kilomita mbili tatu, tena hupindwa na matabaka ya maji ya joto na baridi. Kwa hiyo kuusikia mara moja hakutoshi. Msikilizaji huhama, huchukua mwelekeo upya, huhama tena, mpaka mistari ikutane kwenye ramani. Ndipo roboti yenye taa na mikono inaposhushwa kwa kebo. Mwishoni mwa Agosti vinasa vyote viwili vilitolewa, kutoka kina cha mita 1,200 hivi.

Lakini ustadi wenyewe huonekana pale ambapo hakuna kinacholia. Mwezi huohuo wa Juni, tarehe 1, Air France 447 ilitumbukia Atlantiki ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ikiwa na watu 228. Meli zilikokota vyombo vya kusikilizia, zikaambulia patupu. Mwaka 2010 eneo lile lililosikilizwa likahesabiwa limemalizwa, wakatafuta kwingine. Kisha wataalamu wa takwimu wakauliza swali ambalo mtu aliyechoka haulizi: je, kama ving'ora vyote viwili vilikuwa vimekufa? Wakakipunguzia kimya kile uzito, wakakokotoa upya, na uwezekano mkubwa ukarudi palepale karibu na mahali ndege ilipotoa taarifa ya mwisho.

Machi 2011 roboti za chini ya maji ziitwazo REMUS zikashushwa, zikawa zinakwenda na kurudi kwa mistari sambamba kama mkulima anayepiga matuta ya mihogo, zikipiga sauti pembeni na kuchora mwangwi. Baada ya wiki moja hivi likaonekana doa gumu kwenye uwanda wa matope: mabaki, kwenye kina cha karibu mita 3,900. Hata hapo kazi haikuisha. Aprili 27 walipata kiunzi cha kinasa, kitupu, kile kitungi chenye kumbukumbu kimechomoka. Waliendelea kumulika matope hatua kwa hatua hadi Mei 1 walipokiona. Mimi hizo siku nne ndizo zinazonivutia kuliko roboti yenyewe.

Na kinasa kikitoka baharini hakianikwi juani. Hutumbukizwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi na kusafirishwa humohumo, maana chumvi ikikutana na hewa huanza kula vyuma. Maabara ndiyo huikausha kadi ya kumbukumbu, polepole, kabla ya mtu yeyote kuthubutu kuiunganisha na umeme.

Kinasa cha Ngazidja kilionyesha jinsi ndege ilivyoongozwa vibaya hadi hewa ikashindwa kuibeba. Nacho kimya cha Atlantiki kiliacha kanuni mpya: king'ora cha kinasa sasa hutakiwa kulia siku 90.