Mtu Hageuki kwa Kuambiwa Kageuka

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuisoma hadithi hii, na pengine si mara moja: kijana mlevi, mwenye kumliza mama yake, anarudi usiku akipepesuka, alfajiri anasikia adhana, machozi yanamtoka, anakwenda kukoga, na kufikia mstari wa mwisho yumo katika safu ya mbele msikitini. Mimi nami ujanani niliandika moja ya namna hiyo, nikampa shangazi yangu aisome. Aliimaliza, akaikunja, akaniuliza neno moja tu: "Na jana haikuadhiniwa?"

Sikuwa na jawabu.

Usinifahamu vibaya. Sisemi kuwa mtu hawezi kugeuka kwa usiku mmoja. Mwenyezi Mungu humwongoa amtakaye, saa aitakayo. Lakini mwandishi si mwenye kuongoa. Yeye ana wino na karatasi, na msomaji wake hakuwapo kushuhudia. Hata kisa cha kusilimu kwa Sayyidna Umar (r.a.), ambacho kila mtoto wa chuoni amekisikia, watu wa sira hawakukisimulia kwa neno moja. Wametueleza upanga alioufunga, njia aliyoishika, mtu aliyemkuta akamwambia aanze kwanza na watu wa nyumbani kwake, pigo alilompiga dada yake, na damu iliyotoka. Alipoiona ile damu ndipo akaingiwa na majuto, akaomba aoneshwe kilichokuwa kikisomwa. Na hata hapo aliambiwa ajitoharishe kwanza. Iondoe damu ile, uone kama kisa kitakushika vile vile.

Wala jambo hili si la ufundi wa kalamu peke yake. Hadithi hizi husomwa majumbani mwetu. Yupo mama anayezisoma huku kijana wake mwenyewe hajarudi, na saa sita ya usiku imekwishapita. Akiona wa hadithini kageuka kwa adhana moja, hujiuliza wake amezibwa masikio na nini, na huenda akaona kuwa ni dua yake yeye ndiyo yenye kasoro. Na kijana naye akiisoma, hufahamu kuwa toba ni kitu kitakachomjia chenyewe alfajiri moja. Basi na angoje.

Sasa nitakupeleka mbali kidogo, kwenye baridi ya Urusi. Mwaka 1895 Lev Tolstoy alitoa hadithi ambayo kwa lugha yetu tungeiita Bwana na Mtumishi. Bwana ni Vasily Andreyevich Brekhunov, mfanyabiashara wa kijijini na mzee wa kanisa. Mtumishi ni Nikita, ambaye kazi yake ilistahili ruble 80 kwa mwaka. Bwana wake humpa kiasi cha 40, tena kidogo kidogo, na nyingi ya hizo kwa bidhaa za duka lake mwenyewe kwa bei ya juu. Siku ya safari anataka kwenda kununua msitu kabla wenzake hawajamtangulia. Anatia mfukoni ruble 700 zake na 2,300 za kanisa alizowekewa. Msomaji wetu anayejua uzito wa amana hahitaji kuelezwa zaidi.

Wanatoka kwa gari la kukokotwa na farasi juu ya theluji, dhoruba inawapoteza, wanaangukia kijiji kimoja mara mbili. Mara ya pili wanakaribishwa chai na wanabembelezwa walale. Bwana anakataa, biashara haimngojei mtu. Usiku wanakwama kabisa. Bwana anamwacha Nikita, anapanda farasi ajiokoe peke yake, na njiani anajituliza kwa hesabu: maisha ya mtumishi yana thamani gani, naye ana mali ya kuishia? Farasi anamzungusha mpaka pale pale penye magugu yanayopeperushwa na upepo. Hofu inamshika. Farasi anamponyoka, naye akifuata nyayo zake anajikuta amerudi kwenye gari, na Nikita akimwambia kuwa anakufa, ujira wake apewe mwanawe.

Hapa tua, ndugu msomaji, kwani hapa ndipo wengi wetu tungeharibu. Tungemfanya alie na kutoa hotuba juu ya ubatili wa dunia. Tolstoy anamsimamisha kimya kama nusu dakika. Kisha anatuonesha akikunja mikono ya koti na kuanza kumpangusa Nikita theluji, kwa hima ile ile aliyokuwa nayo alipopigana mkono na mtu kufunga biashara nzuri. Anafungua koti lake la manyoya, anamlalia mtumishi wake kumpa joto, na moyoni anajisifu kidogo, kama alivyozoea kujisifu kwa mapatano yake. Mikono ni ile ile, majivuno ni yale yale. Kilichogeuka ni kinachonunuliwa. Asubuhi anakutwa amekufa, Nikita yu hai. Nikita alipoteza vidole vitatu vya miguu, akaishi miaka ishirini mingine.

Kwangu mimi ile ndoto ya mwisho kabla hajafa imezidi. Mwandishi hakuutumainia vya kutosha mwili wa mtu yule juu ya mwenziwe. Lakini kisa kilikwisha kusimama kabla ya ndoto.

Basi ukikaa kuandika yako, usianze na machozi. Anza na mkono. Chukua muuza duka wa mtaani anayepima mchele kwa kibaba, na dole gumba lake limo ndani ya kibaba miaka yote, linakula nafasi ya punje. Usituambie kuwa ni dhalimu, tuoneshe dole. Siku moja anakuja mtoto aliyetumwa na mamaye aliyefiwa na mume, na dole linabaki nje. Hakulitoa kwa kukusudia. Anapolitambua anakasirika, anamkemea mtoto aondoke upesi, na jioni akihesabu fedha anaona upungufu usio na maana, naye hapati usingizi kwa ajili yake. Kesho yake dole limerudi ndani, tena kwa nguvu zaidi. Mwandishi mwenye haraka atakifuta kifungu hicho katika nakala ya pili, akiona kinamrudisha nyuma. Mimi ningekiacha, kisha ningemleta tena yule mtoto dukani, nisubiri kuona.